Mbinu za Kibayokemia katika Uainishaji wa Vimelea vya Damu vya Ndege: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mazingira ya Songea, Mkoa wa Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mbinu za kibayokemia zilivyotumika na zinavyoendelea kutumika kuainisha vimelea vya damu vya ndege, hususani vya jenasi Plasmodium, Haemoproteus na Leucocytozoon. Mazingira ya Songea yanatumika kama kielelezo cha mahali ambapo jenasi zote tatu zinaweza kutarajiwa, kwa kuwa maji yaendayo kasi na maji yaliyotuama hupatikana karibukaribu. Hoja kuu ni kwamba jina la kimelea humwelekeza mtaalamu kwa mdudu anayekieneza, na mdudu humwelekeza kwenye aina ya maji au makazi yanayopaswa kushughulikiwa. Kwa hiyo kosa la uainishaji ni kosa la udhibiti. Makala yanaonyesha kwamba vimeng'enya, protini na DNA vimejibu maswali ambayo hadubini haikuweza kuyajibu, lakini kila mbinu ina upofu wake. Inahitimishwa kwamba uainishaji wa kuaminika unahitaji slaidi ya damu na sampuli ya kibayokemia kutoka kwa ndege yuleyule.

1.0 Utangulizi

Mji wa Songea uko katika nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ndani ya ukanda wa misitu ya miombo. Mashariki ya mji ipo milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanzia. Mvua hunyesha katika msimu mmoja mrefu, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika miteremko, vijito hupita kasi juu ya mawe. Mabondeni, maji hutuama kwenye madimbwi, mabwawa ya samaki na mashamba ya mpunga. Kaya nyingi hufuga kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula mchana kutwa, na baadhi hufuga pia kanga, bata na njiwa.

Kuku wa namna hiyo anapozubaa, akakosa hamu ya kula na upanga wake ukapauka, dhana ya kwanza ya mfugaji huwa ni mdondo, ugonjwa uitwao pia kideri. Dhana hiyo ina msingi, kwa sababu mdondo huangamiza kuku wengi wa kienyeji na una chanjo inayofahamika. Hata hivyo, kupauka kwa upanga ni dalili ya upungufu wa damu, na upungufu wa damu unaweza kusababishwa na vimelea vinavyoishi ndani ya seli za damu. Chanjo ya mdondo haina uwezo wowote dhidi ya vimelea hivyo. Ofisa mifugo asiyekuwa na njia ya kutofautisha mambo haya hubaki na ushauri mmoja kwa matatizo mawili.

Tatizo haliishii katika kugundua kwamba damu ina vimelea. Plasmodium wa ndege huenezwa na mbu, ambao viluwiluwi wao hukua katika maji yaliyotuama. Leucocytozoon, isipokuwa spishi moja ya kuku wa Asia, L. caulleryi, huenezwa na inzi wadogo wa jenasi Simulium, ambao viluwiluwi wao hujishikiza kwenye mawe na majani ndani ya maji yaendayo kasi. Haemoproteus huenezwa na wadudu wadogo wa jenasi Culicoides, wanaozaliana katika tope na mboji yenye unyevu, au, kwa upande wa njiwa, na inzi bapa wanaoishi ndani ya manyoya yao. Kwa hiyo anayekiita kimelea Plasmodium atashauri madimbwi yafukiwe. Anayekiita Leucocytozoon ataelekeza macho kwenye kijito. Katika mazingira ya Songea, ambapo bwawa na kijito vinaweza kuwa katika shamba moja, jina likikosewa nguvu ya mfugaji hupotea bure.

2.0 Uainishaji kwa umbo na ukomo wake

Ujuzi wa vimelea hivi ulianza kwa hadubini. Vasily Danilewsky alivichunguza katika damu ya ndege huko Kharkov katika miaka ya 1880. Mwaka 1897, William MacCallum alishuhudia muungano wa gameti za kiume na za kike za Haemoproteus katika damu ya kunguru. Mwaka 1898, Ronald Ross, akiwa Calcutta, alitumia ndege wadogo na mbu kuonyesha njia nzima ambayo kimelea cha malaria hupitia ndani ya mdudu hadi kumfikia mwenyeji mpya. Hivyo, ufahamu kwamba mbu hueneza malaria ulithibitishwa kwanza kwa kimelea cha ndege, kile kinachoitwa leo Plasmodium relictum.

Kwa umbo, jenasi hizi tatu hutenganishwa kwa vigezo viwili. Kigezo cha kwanza ni hatua za ukuaji zinazoonekana katika damu. Plasmodium huzaliana kwa kugawanyika ndani ya seli za damu zinazozunguka mwilini, na hatua hizo za mgawanyiko, ziitwazo meronti, huonekana kwenye slaidi. Haemoproteus na Leucocytozoon huzaliana katika viungo vya ndani, na katika damu ya pembeni huonekana gametositi tu. Kigezo cha pili ni chembechembe za rangi ya kahawia au ya dhahabu. Plasmodium na Haemoproteus huwa nazo. Leucocytozoon hana, na mara nyingi huiharibu seli aliyomo kiasi cha kuifanya ionekane kama kitu kipya kabisa.

Vigezo hivi hufanya kazi vizuri pale ambapo vimelea ni vingi na slaidi ni safi. Ugumu huanza katika maambukizi mepesi, ambayo ndiyo ya kawaida kwa ndege wa porini. Msomaji wa slaidi anaweza kukutana na gametositi tatu au nne zenye chembechembe za rangi, bila meronti hata moja. Gametositi hizo zinaweza kuwa za Haemoproteus, au zinaweza kuwa za Plasmodium ambaye meronti zake hazikuonekana kwa uchache wake. Hali ya hewa nayo huchangia. Wakati wa masika, slaidi hukauka polepole kwa sababu ya unyevu, seli hujikunja na umbo la kimelea hubadilika kabla ya kukaushwa kwa methanoli na kutiwa rangi ya Giemsa. Hapo ndipo ushahidi wa aina nyingine unapohitajika.

3.0 Mbinu za kibayokemia

3.1 Hemozoini: kigezo cha kemia kilichojificha ndani ya umbo

Ingawa mbinu za kibayokemia huelezwa kama jambo jipya, kigezo cha pili kilichotajwa hapo juu chenyewe ni cha kikemia. Plasmodium na Haemoproteus humeng'enya himoglobini ya mwenyeji ili kupata asidi amino. Katika kazi hiyo hubaki himu, molekuli yenye chuma ambayo ni sumu kwa kimelea. Kimelea huigeuza kuwa fuwele isiyoyeyuka iitwayo hemozoini, ambayo hung'aa inapotazamwa chini ya mwanga uliochujwa kwa poleraiza. Leucocytozoon haachi fuwele hizo. Kwa hiyo mtaalamu anayesema "kina rangi" au "hakina rangi" anatoa taarifa kuhusu umetaboli wa kimelea, hata kama hakukusudia. Taarifa hiyo hutenga Leucocytozoon na wengine wawili kwa gharama ndogo, lakini haiwezi kumtenga Plasmodium na Haemoproteus.

3.2 Vimeng'enya na elektroforesisi

Hatua ya pili ilitokana na ukweli kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi ileile katika viumbe wawili kinaweza kutofautiana katika mpangilio wa asidi amino, na kwa hiyo katika chaji yake ya umeme. Aina hizo huitwa isoenzimu. Dondoo la kimelea huwekwa kwenye jeli ya wanga, mkondo wa umeme hupitishwa, na kila aina ya kimeng'enya husafiri kwa kasi yake. Kisha jeli humwagiwa kemikali inayotoa rangi mahali kimeng'enya kilipo. Mistari inayojitokeza hulinganishwa baina ya sampuli na sampuli.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya mbinu hii unatoka Afrika, ingawa mwenyeji wake si ndege. Mwaka 1948, Ignace Vincke na Marcel Lips walikipata kimelea kilichoitwa Plasmodium berghei katika panya wa msituni huko Katanga, Kongo. Katika miaka iliyofuata, vimelea vingine vya panya vilipatikana katika Afrika ya Kati na Magharibi, na baadhi viliwekwa chini ya jina hilohilo kwa kuwa vilifanana kwa umbo. Mwaka 1970, Richard Carter, akifanya kazi Edinburgh, alionyesha kwamba vimelea hivyo vilikuwa na isoenzimu tofauti. Matokeo ya aina hiyo yalikuwa miongoni mwa ushahidi uliofanya kundi la panya litambuliwe kuwa na spishi nne: P. berghei, P. yoelii, P. vinckei na P. chabaudi. Vimelea ambavyo jicho lilivikusanya, kimeng'enya kilivitenganisha.

Kwa nini basi mbinu hii haikuenea vivyo hivyo kwa vimelea vya ndege? Sababu ya kwanza ni ya mwenyeji. Seli nyekundu ya mamalia haina kiini wala mitokondria. Seli nyekundu ya ndege inavyo vyote viwili, pamoja na hazina kubwa zaidi ya vimeng'enya vyake. Dondoo la damu ya ndege aliyeambukizwa ni mchanganyiko ambamo mistari ya mwenyeji huweza kuifunika mistari ya kimelea. Sababu ya pili ni kiasi cha damu. Kanuni inayofuatwa na watafiti ni kutotoa damu inayozidi asilimia 1 ya uzito wa ndege. Kwa ndege wa gramu 10, kiasi hicho ni takriban mililita 0.1, na elektroforesisi ya vimeng'enya huhitaji vimelea vingi vilivyo hai au vilivyogandishwa mara moja. Panya wa maabara huweza kuambukizwa na kutoa vimelea kwa wingi; ndege wa porini hawawezi kutumiwa hivyo, na vimelea vyao vingi havikubali mwenyeji mgeni.

3.3 Protini za kimelea cha bata

Pale ambapo mwenyeji wa maabara alipatikana, vimelea vya ndege vilitoa mchango ambao manufaa yake yanaonekana leo katika zahanati za Tanzania. Plasmodium lophurae, aliyeelezwa na Lowell Coggeshall mwaka 1938 kutoka kwa ndege wa Asia aliyekuwa katika bustani ya wanyama ya New York, alikubali kukua katika bata. Mwaka 1961, Irwin Sherman alionyesha kwamba kimeng'enya cha kimelea hicho kiitwacho dehidrojenesi ya laktati kinaweza kutofautishwa na kile cha bata kwa kutumia molekuli zinazofanana na kimeng'enya-shirika cha kawaida. Mwaka 1974, Araxie Kilejian alieleza kutoka kwa kimelea hichohicho protini yenye kiasi kikubwa mno cha asidi amino iitwayo histidini.

Vipimo vya haraka vya malaria vinavyotumika kwa binadamu hutafuta ama dehidrojenesi ya laktati ya Plasmodium, ama protini ya P. falciparum yenye histidini nyingi. Protini hiyo ya binadamu si ileile iliyopatikana katika kimelea cha bata, lakini njia ya kuwaza iliyoiongoza kazi hiyo ilifunguliwa na kimelea cha bata. Hapa pana onyo pia. Vipimo hivyo vimetengenezwa kwa vimelea vya binadamu. Hata kama kimoja kingetoa mstari kwa damu ya kuku, mstari huo usingetaja spishi, na kukosekana kwake kusingethibitisha chochote kuhusu Haemoproteus wala Leucocytozoon. Kipimo cha haraka cha zahanati hakiwezi kugeuzwa kuwa chombo cha uainishaji wa vimelea vya ndege.

3.4 DNA na jeni ya saitokromu b

Mabadiliko makubwa yalikuja na mmenyuko mnyororo wa polimerasi, yaani PCR. Mwaka 2000, Staffan Bensch na wenzake walichapisha matumizi ya jeni ya saitokromu b ya mitokondria kutambua Plasmodium na Haemoproteus katika ndege waimbao. Mwaka 2004, Olof Hellgren na wenzake walitoa utaratibu wa hatua mbili unaowezesha jenasi zote tatu kutafutwa kutoka kwa sampuli moja: hatua ya kwanza hukuza kipande kinachozihusu zote, na ya pili hutenga Leucocytozoon upande mmoja, Plasmodium na Haemoproteus upande mwingine. Kipande kinachosomwa kina takriban jozi besi 480.

Ubora wa mbinu hii kwa ndege unatokana na mambo matatu. Kwanza, tone moja la damu linatosha. Pili, ingawa DNA ya ndege ni nyingi kuliko ya kimelea, viongozi vya PCR huchaguliwa ili vishikamane na mitokondria ya kimelea pekee. Jenomu ya mitokondria hiyo ina takriban jozi besi 6,000 tu na hutofautiana sana na ya ndege. Tatu, matokeo ni mfuatano wa herufi unaoweza kulinganishwa na mifuatano mingine popote duniani. Tangu mwaka 2009, hifadhidata ya MalAvi hukusanya nasaba hizo. Kila nasaba hupewa alama. Kwa mfano, herufi za GRW4 zinatokana na jina la Kiingereza la ndege Acrocephalus arundinaceus, ambaye huzaliana Ulaya na Asia na kuhamia Afrika kusini mwa Sahara wakati wa baridi ya kaskazini.

Alama hiyo ya GRW4 inaonyesha uzito wa jambo. Ni nasaba ya P. relictum iliyoenea katika visiwa vya Hawaii, ambako mbu Culex quinquefasciatus aliingizwa mwaka 1826. Ndege wa asili wa visiwa hivyo, ambao hawakuwa na historia ya malaria, walipungua vibaya, na katika maeneo ya chini mengi ya makazi yao hayana tena spishi nyingi zilizokuwako. Bila ulinganisho wa DNA, kimelea kinachoua huko na kile kinachovumiliwa na ndege wahamao barani Afrika visingeweza kuwekwa chini ya nasaba moja kwa uhakika.

4.0 Mipaka ya ushahidi wa DNA

Mafanikio haya yamewafanya baadhi ya watafiti kuiacha hadubini. Hatua hiyo ina hatari nne.

Hatari ya kwanza ni maambukizi mchanganyiko. Ndege mmoja anaweza kubeba vimelea viwili au vitatu kwa wakati mmoja. PCR hupendelea kimelea kilicho kingi zaidi au kile ambacho mfuatano wake unashikamana vizuri zaidi na viongozi. Kimelea cha pili huweza kupotea kabisa katika matokeo, au kuonekana kama vilele viwili mahali pamoja kwenye chati ya usomaji. Slaidi ya ndege huyohuyo ingeonyesha maumbo mawili waziwazi.

Hatari ya pili ni DNA isiyo na kimelea kinachoendelea. Mdudu anapouma, huingiza sporozoiti hata katika ndege ambaye si mwenyeji anayefaa. Kimelea huweza kuanza kukua katika tishu, kisha kikafa kabla ya kutoa gametositi. DNA yake huweza kupatikana katika damu, na ndege huyo akaandikwa kuwa mwenyeji, ilhali hawezi kumwambukiza mdudu yeyote. Gametositi katika slaidi ndiyo inayothibitisha kwamba mzunguko unaweza kukamilika.

Hatari ya tatu ni swali la mpaka wa spishi. Nasaba mbili zinaweza kutofautiana kwa nyukleotidi moja tu na bado zikapewa alama mbili. Hellgren na wenzake, katika utafiti wa Haemoproteus uliochapishwa mwaka 2007, walionyesha kwamba tofauti inayozidi asilimia 5 katika saitokromu b kwa kawaida huambatana na tofauti ya umbo. Kanuni hiyo ni ya upande mmoja: tofauti ndogo kuliko hiyo haithibitishi kwamba spishi ni moja. Idadi ya nasaba zilizosajiliwa imefikia maelfu, wakati spishi zilizoelezwa kwa umbo ni mamia machache. Nasaba nyingi ni herufi zisizo na kimelea kilichowahi kuonekana kwa jicho.

Hatari ya nne ni kwamba Plasmodium na Haemoproteus hukuzwa pamoja katika hatua ya pili ya PCR. Bendi kwenye jeli husema tu kwamba mmojawapo yupo. Maabara isiyo na uwezo wa kusoma mfuatano hubaki palepale alipoachwa msomaji wa slaidi mwenye gametositi tatu.

Gediminas Valkiūnas na wenzake walilinganisha mbinu hizi mwaka 2008 na kuonyesha kwamba slaidi bora zikisomwa kwa uangalifu hutoa viwango vya maambukizi vinavyokaribiana na vya PCR, na kwamba kila mbinu ikitumika peke yake hukosa sehemu ya maambukizi. Hitimisho lao halikuwa la kuchagua mshindi.

5.0 Ushahidi kutoka Tanzania na majirani

Tanzania si uwanja mtupu katika somo hili. Mwaka 1973, Fallis, Jacobson na Raybould walichapisha utafiti wao kuhusu vimelea vya damu vya kuku na kanga nchini Tanzania, pamoja na uenezaji wa Leucocytozoon neavei wa kanga na L. schoutedeni wa kuku kupitia inzi wa Simulium. Mwaka huohuo walieleza pia uambukizaji wa Trypanosoma numidae. Mwaka 1976, Bennett na Herman walitoa taarifa ya vimelea vya damu vya ndege kutoka Kenya, Tanzania na Zaire. Kazi hizo zilitegemea slaidi, uchunguzi wa wadudu na majaribio ya uambukizaji.

Miongo mitatu baadaye, mwaka 2006, Sehgal na wenzake walichunguza kuku wa Uganda na Kameruni, wakaeleza L. schoutedeni na Trypanosoma gallinarum kwa umbo na kwa mfuatano wa DNA kwa pamoja. Jina lililojengwa kwa slaidi likapata alama ya kijeni, na alama ya kijeni ikapata sura. Huo ndio muungano unaohitajika. Mwaka 2015, Lutz na wenzake walichapisha utafiti wa ndege wa Malawi, nchi inayotazamana na Mkoa wa Ruvuma ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na kuonyesha kwamba tabia za maisha ya ndege, zikiwemo aina ya kiota na kuishi kwa makundi, zina uhusiano na kiwango cha maambukizi.

Ushahidi wa mazingira unaifanya Songea istahili kutazamwa kwa makini. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye historia ya usubi, ugonjwa wa binadamu unaoenezwa na inzi wa Simulium. Kuwepo kwa ugonjwa huo ni dalili kwamba mito ya mkoa hulea inzi wa jenasi hiyo. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: jenasi Simulium ina spishi nyingi, na zile zinazouma watu si lazima ziwe ndizo zinazouma kuku. Uhusiano kati ya vijito vya Matogoro na Leucocytozoon wa kuku ni jambo la kuthibitishwa kwa sampuli, si la kudhaniwa kwa ramani.

6.0 Namna ushahidi unavyounganishwa: mfano wa kufikirika

Chukulia kuku watatu kutoka shamba moja la kufikirika lililo kati ya kijito na bwawa la samaki. Wote wamedhoofu na panga zao zimepauka.

Kuku wa kwanza ana gametositi kubwa zisizo na hemozoini, na seli zilizozibeba zimeharibika. PCR ya Leucocytozoon ni chanya, na mfuatano unalingana na L. schoutedeni. Ushahidi wa umbo, wa kikemia na wa kijeni unakubaliana. Ushauri unaelekezwa kwenye kijito na kwenye kuwaweka kuku bandani mchana wakati inzi wanapouma.

Kuku wa pili ana gametositi chache zenye hemozoini. Slaidi haiwezi kuamua. Usomaji wa mfuatano unaonyesha Plasmodium. Hapa DNA imefanya kazi ambayo jicho lilishindwa, na ushauri unahamia kwenye maji yaliyotuama na kwenye kuzuia mbu usiku.

Kuku wa tatu ana PCR chanya ya Plasmodium, lakini slaidi tatu zilizosomwa kwa ukamilifu hazina kimelea cha Plasmodium. Zina Leucocytozoon wengi. Mtafiti aliyetumia PCR ya Plasmodium na Haemoproteus pekee angeandika malaria ya ndege kuwa chanzo cha ugonjwa. Mwenye slaidi anaona kwamba kimelea kilicho kingi ni kingine, na kwamba DNA ya Plasmodium inaweza kuwa ya maambukizi mepesi au yaliyokwama. Slaidi imeisahihisha kemia.

Utaratibu unaotokana na mfano huu ni mwepesi kutekelezwa mbali na maabara kubwa. Kila ndege hutolewa slaidi mbili au tatu, zinazokaushwa upesi na kutiwa methanoli siku hiyohiyo. Matone machache ya damu huhifadhiwa katika ethanoli au kwenye karatasi ya chujio iliyokauka, ambayo haihitaji jokofu. Slaidi na damu hupewa namba moja. Aina ya maji yaliyo karibu, msimu na mwinuko huandikwa. Ndege akifa, vipande vya ini, wengu, mapafu na ubongo huhifadhiwa katika formalini, kwa sababu baadhi ya vimelea huua kwa hatua zilizo katika tishu kabla damu haijaonyesha mengi. Slaidi zinaweza kusomwa Songea kwenyewe palipo na hadubini nzuri na msomaji aliyefunzwa; sampuli za DNA zinaweza kusafirishwa hadi taasisi yenye vifaa, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa ndege wa porini, vibali vya COSTECH na TAWIRI hutangulia kazi yote.

Slaidi zenyewe hazipaswi kutupwa baada ya tasnifu kukamilika. Mkusanyo wa kimataifa wa slaidi za vimelea vya damu vya ndege, uliojengwa na Gordon Bennett huko Newfoundland, Kanada, ulihamishiwa katika Jumba la Makumbusho la Queensland, Australia, mwaka 1995, na bado hutumika kuhakiki majina. Namba za nasaba zisizo na slaidi haziwezi kuhakikiwa kwa namna hiyo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofafanuliwa inaonyesha kwamba kila mbinu ya kibayokemia iliingia kujibu swali mahususi: hemozoini ilitenga jenasi moja na nyingine mbili, isoenzimu zilitenganisha vimelea vilivyofanana kwa umbo, protini za kimelea cha bata zilionyesha kwamba kimelea kina kemia yake kinachoweza kutambulika kwayo, saitokromu b iliwezesha tone moja la damu kulinganishwa na damu ya ndege wa bara jingine. Hakuna hata mojawapo iliyoondoa haja ya kumwona mkaaji wa seli kwa jicho.

Kwa Songea, matokeo ya hoja hii ni ya kiutendaji. Mtafiti anayekusanya damu bila slaidi atapata alama za nasaba asizoweza kumweleza mfugaji. Anayekusanya slaidi bila damu ataacha maambukizi mepesi bila jina. Anayekusanya vyote viwili kutoka kwa ndege yuleyule ataweza kusema kimelea ni kipi, mdudu ni yupi, na kati ya kijito na bwawa, mfugaji aanzie wapi.